Namba Moja Haijaitwa

Jumatatu, 4 Machi
Programu yangu ya foleni imewekwa kwenye kliniki ya meno, kesho inaanza kazi! Mashine ya mlangoni inatoa tiketi, skrini ya ukutani inaita namba. Daktari kaahidi: ikienda vizuri hadi Ijumaa, kompyuta zake zote nazihudumia mimi. Isipoenda, anapewa binamu yangu. Naye kaja kuchungulia bila kualikwa. Anasema mlangoni nimeandika namba++, kwa hiyo moja inatolewa kwanza, ndipo inapanda kuwa mbili. Lakini kwenye skrini nimeandika ++namba: inapanda kwanza, ndipo inaitwa. Eti skrini itaanzia mbili. Nikamwambia kujumlisha ni kujumlisha, na alama zikikaa mbele zinapendeza. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe wa daktari aliwahi, shavu limevimba, akapata tiketi namba moja. Waliomfuata wote wakaitwa. Yeye alikaa hadi wakati wa kufunga. Nikamweleza daktari kwamba huenda mama alisinzia. Mama akajibu kwamba anaumwa jino, haumwi masikio. Mtu mzima, maneno makali hivyo!

Jumatano, 6 Machi
Daktari kamwita Binamu. Akahamishia zile alama nyuma, mara moja, na namba moja ikaitwa. Watu wakampigia makofi. Kwa lipi? Akaongeza kwamba hata --namba na namba-- zina tabia hiyohiyo, ila zinashuka. Nani kamuuliza? Nimeumia, sifichi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimesaga meno kwa hasira mpaka gego limeanza kuuma. Jioni, wote walipoondoka, nikazirudisha alama mbele. Programu ni yangu. Sipangiwi na mtu!

Ijumaa, 8 Machi
Gego halishikiki. Nimefika kabla ya mfagizi, nikachukua tiketi namba moja. Raha ya kuwahi! Nyuma yangu akaja mama mkwe wa daktari, kuangaliwa kidonda cha jino lililong'olewa. Skrini ikaita: mbili. Mama akainuka taratibu, akaniuliza kama nilisinzia. Ikaita tatu. Ikaita nne. Nimekaa hadi jioni, shavu kama mkate, nikimtazama daktari akimkabidhi Binamu funguo za chumba cha kompyuta.
Ni yeye, hakuna mwingine. Kaichezea programu yangu. Siogopi! Kesho nitawahi zaidi, nichukue tena namba moja, tuone kama hawataniita.