Gari la Kupanda Kinyumenyume

Alawi alipoiona Landrova ya mzee Renatus imelala juu ya mawe kule Kigera, aliingiwa na huruma. Hakulihurumia gari, alimhurumia yeyote atakayelinunua. Akaichukua kwa kubadilishana na redio iliyokuwa ikizungumza siku ikijisikia.

Ulikuwa mwaka 1985. Sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani, mitumba nayo, na watu wenye shukrani wakasema uchumi umepona. Beringi na oili havikuwa vimepata habari hizo.

Alichokitaka Alawi ni ng'ombe wanne. Mzee Mseti, baba yake Boke, alimwambia waziwazi: wasipofika zizini kwake kabla ya Jumapili, Boke anaolewa na karani wa ushirika. Na Alawi, aliyewahi kumuuzia mwalimu wake saa isiyo na mashine, alimpenda Boke kwa dhati. Ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakulipaka rangi.

Basi akainua springi za nyuma ili gari lionekane refu, la kibabe. Gari likaanza kutetemeka, maana shafti sasa iliingia kwa mshazari kwenye difu, lile bakuli la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Akapiga kabari chini ya springi, pua ya difu ikatazama juu, mtetemeko ukaisha na mvumo ukaanza. Akasindilia ndizi mbivu ndani ya difu, mvumo nao ukanyamaza.

"Umemziba mgonjwa mdomo ili asikohoe," alisema Salum, fundi wa Bunda aliyemwazima jeki. "Pua ikiwa juu, oili yote inakimbilia nyuma. Beringi ya mbele inabaki kavu. Tambarare itavumilia. Mlimani utaikaanga."

"Nitauza tambarare," alijibu Alawi.

Mteja alikuwa Dorotea wa Nyamuswa, mjane ambaye pamba yake ilikuwa bado ghalani na mvua imekaribia. Alawi akamzungusha uwanja mzima wa Bunda. Hakukusikika hata mkwaruzo.

"Nimeipenda hii gari," alisema Dorotea. "Twende Butiama kwa kaka yangu tukachukue hao ng'ombe wanne."

"Si wangeletwa tu hapa, mama?"

"Mwanangu, kwetu kitu cha ng'ombe hakilipiwagi barabarani. Kinafika mpaka zizini, wenye zizi wakione. Wewe ni mtu wa Musoma mjini, hujui tu."

Kilima cha kwanza kilipojitokeza, Alawi alisimama, akaligeuza gari, akaanza kupanda kinyumenyume.

"Mbona hivi?"

"Utaratibu mpya, mama. Wataalamu wamegundua injini ikitangulia inachoka."

"Kumbe. Na serikali inajua?"

"Waraka uko njiani."

Walipanda vilima vitatu kwa utaalamu huo, pua ya difu ikiwa imeelekezwa bondeni ili oili iifuate. Wachungaji waliacha mifugo yao wakatazama. Kwenye mteremko Alawi aligeuza gari akaimba. Kwenye mwinuko aligeuza tena, shingo imekakamaa, akamwomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye muda mrefu. Dorotea hakuuliza tena. Alitazama tu lini anageuza na lini hageuzi.

Kilima cha nne kilikuwa chembamba, hapakuwa na pa kugeuzia. Alawi akapanda kama watu wengine. Hawajafika nusu, harufu ya ndizi za kukaanga ikajaa garini.

"Simamisha, mwanangu."

Dorotea alishuka, akajiingiza chini ya gari, akatoka akipuliza vidole.

"Marehemu mume wangu alikuwaga dereva wa mgodini Buhemba miaka kumi na minane. Mimi ndiye nilikuwaga namshikia taa. Umeinua pua, ukaninyima oili, ukanipa ndizi."

Alawi aligeuza shingo kutafuta pa kugeuzia gari.

"Zizi la kaka yangu Nyamhanga ni lile pale juu. Yeye ndiye kamanda wa sungusungu, na hawaandikagi maelezo. Nimuite kwa ajili ya ndizi, au aje kushuhudia tunauziana?"

"Tuuziane," alisema Alawi. "Ng'ombe wangapi?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wangapi, mama?"

"Mbuzi."

Wakajikongoja hadi zizini, na huko Alawi akatia dole gumba kwenye hati ya mauziano. Wino haujakauka, Nyamhanga akatoa uvunguni mwa kitanda beringi mpya iliyoviringishwa kwenye gunia lenye grisi, na debe zima la oili. Marehemu alikuwa ameviweka akiba. Kwa miaka sita mjane alikuwa na vipuri. Kilichokosekana ni gari. Wapwa wa Nyamhanga wakatoa kabari, wakashusha springi, wakakomba ndizi, wakafunga beringi na kumimina oili mpaka ikafurika.

Jioni ile Alawi aliianza njia ya kurudi. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na akilini alishamwona karani amevaa suti. Roho ilimuuma kweli, si kwa mchezo. Kile kilima chembamba waliteremka vizuri, lakini mbuzi alipofika kwenye kilima kilichofuata aligoma kupanda. Alawi akambembeleza, akamsukuma, mwisho akamgeukia, akashika kamba kwa mikono miwili na kumburura, huku yeye mwenyewe akipanda kinyumenyume.

Landrova ikawafikia, ikipanda uso mbele, kimya. Dorotea akapunguza mwendo, akachungulia dirishani.

"Naona waraka umefika, mwanangu."