Habari Kuu za Kubanduliwa kwa Bango la Malangali

Sogeeni, enyi watu wa nchi ya juu mliovaa sweta juu ya sweta. Sogeeni nanyi mliopanda na lori kutoka Milepa mkiwa bado na joto la bondeni mwilini. Acheni kwanza kupura ulezi, tieni simu mifukoni, kwani ninayo habari nzito na mimi si mtu wa kurudia. Wengine watawasimulia majemedari waliovunja ngome na wafalme waliotwaa nchi za watu. Mimi nawasimulia Suma binti Mwakalinga, Mlinzi wa Dirisha Pekee, Mshika Muhuri, Mwita Majina, aliyelibandua bango moja la karatasi kutoka kwenye kioo. Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize.

Ushirika wa Jembe Moja ulikuwa na makao yake Malangali, huku Ufipa, katika nyumba ya kupanga ambayo zamani ilikuwa duka la fundi cherehani, na kwa sababu hiyo kioo chake cha mbele kilianzia juu ya kichwa cha mtu kikashuka hadi magotini, ili wapita njia wayaone magauni vizuri. Nyuma ya kioo hicho aliketi Suma, aliyekuja kutoka Tukuyu, Mbeya, miezi mitatu tu iliyopita, mchapakazi asiyejua kuchelewa wala kusinzia. Kazi yake ilikuwa kuwaandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Orodha ingefungwa Ijumaa saa sita adhuhuri, na ambaye jina lake halimo angepanda mahindi yake makavu makavu na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Sasa basi, palikuwa na balaa katika ofisi ile. Kila siku Suma aliita majina, na kila siku watu kumi na mmoja, wakati mwingine zaidi, waliitwa wasionekane. Jina linaitwa, dirishani hakuna mtu. Linaitwa tena, hakuna mtu. Ndipo Suma alipoishika kalamu nyekundu, ile kalamu ya hukumu, akaandika kwenye daftari: HAKUTOKEA. Na jambo la ajabu ni kwamba watu hao walikuwa wameamka alfajiri na kutembea na baridi ile yote ili waje kuitwa.

Habari zilimfikia Meneja Evaristi, Simba wa Chumba cha Nyuma, mzaliwa halisi wa Ufipa, ambaye kwa miaka sita aliingia kazini kwa mlango wa uani na kutoka kwa mlango wa uani. Yeye aliamua kwamba dawa ya balaa ni semina. Akaletwa mkufunzi wa mambo ya ubunifu kazini, bwana mwenye viatu vya kung'aa na maboksi ya vibandiko vya rangi nne, naye kwa siku mbili akawafundisha namna ya kutatua matatizo kisasa: kwanza mwelewe unayemhudumia, simama anaposimama yeye, kisha litaje tatizo kwa jina lake, kisha buni mawazo, mazuri na ya kijinga, kisha tengeneza kitu kidogo cha kujaribia, kisha kijaribu, na ukikosea usione haya. Maneno mazuri sana. Watumishi waliandika yote, wakala maandazi yote, na mkufunzi alipoondoka wakaanza kazi mara moja kwa hatua ya tatu. Ile ya kwanza waliiruka, maana nje kulikuwa na upepo.

Jamani, ukuta ule ulipendeza kwa vibandiko! Cha njano kilisema wakulima hawasikii vizuri. Cha kijani kilisema wanakwenda kunywa chai foleni ikiwa ndefu. Cha waridi, cha Beda mtunza kumbukumbu, kilisema wanaogopa kompyuta. Wakapiga kura, kusikia kukashinda, kikanunuliwa kipaza sauti. Kesho yake Suma alinguruma hadi mbwa wa mtaa wa pili wakabweka, na waliokosekana wakapanda kutoka kumi na mmoja hadi kumi na wanne. Meneja alisema huo ni ukaidi wa hali ya juu.

Katika wote waliokosekana, mmoja alimkera Suma kuliko wengine. Jina lake lilikuwa Zita, wa kata ya Pito, na daftari lilimwonyesha ameitwa Jumatatu hakutokea, Jumanne hakutokea, Alhamisi hakutokea. Suma alilichukia jina hilo. Aliamini kabisa kwamba huyo Zita ni mtu wa dharau, anakuja kuacha jina lake kwa mlinzi wa mlangoni asubuhi, halafu anazurura sokoni huku akimchosha koo binti wa watu. Ijumaa ile, saa nne na nusu, jina la Zita likaonekana tena kwenye orodha, na subira ya Suma ikafika mwisho. Akamkabidhi Beda kiti, muhuri na kipaza sauti, akajifunga kitenge juu ya sweta, akatoka nje kwenda kumkamata mtoro kwa mikono yake.

Hivyo ndivyo alivyoianza ile hatua ya kwanza ya mkufunzi, kwa hasira na bila kujua. Alivuka baraza, akapita mabeseni na baiskeli, akafika mwisho wa foleni, safari ya hatua ishirini ambayo hakuna mtumishi wa Jembe Moja aliyewahi kuithubutu. Upepo ulimpiga usoni akaelewa kwa nini. Lakini hakurudi. Alitupa macho huku na huku akimtafuta mwanamke mwenye sura ya jeuri, na hakumwona, akawaona tu wakulima wakisubiri kwa utulivu wamejikunyata. Mbele kabisa alisimama bibi mmoja mfupi mwenye kikapu, amefunga kilemba cheupe, mikono ameificha kwapani.

Ndipo kipaza sauti kikanguruma jina la Zita wa Pito, na yule bibi mfupi akasogea.

Alikwenda dirishani bila kukawia hata kidogo. Akaweka kikapu chini. Akachuchumaa mbele ya kioo kama wanavyofanya watu wa Ufipa wanapomheshimu mtu, akagonganisha viganja polepole, mara moja, mara mbili, mara tatu, akainamisha kichwa na kusalimu kwa Kifipa, kwa sauti ya chini ya mtu aliyelelewa. Kisha akatulia hapo hapo chini, akingoja aitikiwe ndipo asimame aseme shida yake. Na mbele ya uso wake, likiwa limebandikwa kwenye nusu yote ya chini ya kile kioo tangu msimu ulipoanza, palikuwa na bango kubwa kutoka makao makuu, lenye picha ya mtu mwenye taji na maandishi mekundu: MTEJA NI MFALME.

Juu ya bango Suma alimwona Beda akichungulia kushoto, akichungulia kulia, asione kitu ila paa la nyumba ya jirani. Beda akaita tena kwa ngurumo. Bibi aliposikia ngurumo akazidi kuinama. Beda akaishika kalamu nyekundu.

Suma alijua kinachoandikwa, maana mkono ulioyaandika matatu ya kwanza ulikuwa wake. Bibi Zita alingoja kidogo, akainuka kwa kushika ukuta, akaokota kikapu, akajitenga pembeni kimya kimya akijiandaa kurudi Pito. Suma alimkimbilia, akamwamkia shikamoo, na bila kusema yeye ni nani akamuuliza kwa nini hakugonga kioo, kwa nini hakusema kwamba yupo.

Bibi Zita alimtazama mtoto huyu wa mjini kwa huruma.

"Nimesalimu, mwanangu," akanena. "Leo ni mara ya nne nasalimu pale, na aliye ndani hajaniitikia. Mtu asiyeitikia salamu yangu nitamwombaje mbolea? Nitaanzia wapi? Mwaka jana nilipanda bila mbolea, nikavuna mahindi ya kuwaonea aibu hata kuku, na mwaka huu nina wajukuu wanne ndani. Njaa naiogopa. Lakini siwezi kusimama juu ya kichwa cha mtu nikamdai kitu kabla hajakubali kuwa ameniona. Wanasema ni binti wa Mbeya. Labda kwao hawasalimiani."

Ewe msikilizaji, mikuki imechoma watu wengi katika tarihi, lakini ni michache iliyoingia kama lile neno la mwisho. Hawasalimiani! Huko Tukuyu, ambako mama yake Suma humsalimia mtu akiwa ng'ambo ya shamba la migomba na asimwachie mpaka ajue hali ya ng'ombe! Suma aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto katikati ya upepo ule. Alimshika bibi mkono, akamsihi asiondoke, angoje kidogo tu, kidogo sana. Saa tano ilikuwa imekwisha pita.

Akaingia ndani mbio, akampita Beda, akajitupa chumba cha nyuma alikokaa Meneja Evaristi na chai yake na mkate wake, akamweleza kwa pumzi moja kwamba lile bango lazima libanduliwe sasa hivi. Meneja akaweka kikombe chini. Akasimama, akarekebisha koti, akatoa hotuba.

"Suma," akasema, "bango lile si karatasi tu. Bango lile lilisafiri kutoka makao makuu likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wake wenyewe. Wiki ijayo tunakaguliwa, na jambo la kwanza ambalo mkaguzi ataulizia ni bango. Unataka nimwambie nini? Kwamba tulikuwa na mfalme tukambandua? Wakulima wenyewe wasimame wima waonekane, basi."

"Mzee," Suma akajibu, "mama yako akija pale dirishani, atamsalimu Beda akiwa amesimama?"

Meneja, yule mzaliwa wa Ufipa aliyekwenda shule akawa mkubwa wa ofisi na kusahau mlango wa mbele ukoje, alimwona akilini mama yake amechuchumaa upeponi nyuma ya karatasi. Akatazama chini.

"Mama yangu hajawahi kumsalimu mtu akiwa amesimama," akasema polepole. "Chukua kisu hiki cha mkate. Na chai ya moto ipo kwenye chupa. Bandua."

Hapo ndipo vita vilipoanza, na msidhani vilikuwa vyepesi! Gundi ya makao makuu ilikuwa gundi ya watu wasiotarajia kubadili mawazo. Suma alipiga magoti kwenye uwanja wa mapambano, ndani, chini ya kioo, akatia ncha ya kisu chini ya kona ya kulia, kona ikakataa. Akaimwagia chai ya moto yenye sukari; kona ikalegea, akaivuta, ikachanika, akabaki na sikio la mfalme mkononi. Hakukata tamaa. Alikwangua taji, akakwangua ndevu, akavunjika ukucha wa kidole cha shahada, akalisema neno moja la Kinyakyusa ambalo sitalitafsiri. Nje watu waliacha foleni wakaja kutazama, na Yusto wa Milepa, mtu wa sauti kubwa, akawatangazia kwamba karani amepata wazimu na anakula kioo. Beda aliyatangaza mapambano kwa kutaja saa: tano na nusu, tano na dakika arobaini. Mwishowe neno MFALME likaanguka lote kwa pamoja, na pakabaki uwazi wa ukubwa wa sinia, wenye mabaka ya gundi na michirizi ya chai, lakini uwazi.

Suma akarudi kitini. Kipaza sauti hakukigusa. Aliita kwa sauti yake mwenyewe, tena kwa upole, "Bibi Zita wa Pito."

Bibi akaja, ijapokuwa alikuja kwa mashaka. Akaweka kikapu, akachuchumaa, akagonganisha viganja, akasalimu kwa mara ya tano. Na ndani ya ule uwazi akaona kitu ambacho hakukitegemea: karani ameshuka kutoka kitini, naye amechuchumaa sakafuni upande wa pili, anagonganisha viganja vilivyojaa gundi.

"Shikamoo, bibi," Suma akasema. "Nisamehe. Ulisalimu, na mimi ndiye niliyekuwa humu."

Bibi Zita alimtambua binti wa kwenye foleni. Alimkazia macho kupitia mabaka ya chai.

"Marahaba, mwanangu," akaitika. "Za kwenu Mbeya?"

Suma akajibu za Mbeya ni nzuri, mama hajambo, ng'ombe hawajambo. Akauliza za Pito, na za wajukuu wanne, mmoja mmoja. Wakati huo waliosimama nyuma hawakuona mtu nje wala ndani, kiti kitupu, dirisha tupu, na Yusto akatangaza kwamba ofisi imefungwa, watu warudi makwao. Meneja Evaristi alitoka nje kumkanusha, kwa mlango wa mbele, akapigwa na upepo, akaanza kuwasalimu waliokuwa kwenye foleni akiwa amechuchumaa na koti lake, mkubwa mzima. Dakika nne zilikuwa zimebaki Suma alipoliingiza jina la Zita na kupiga muhuri, na wale wengine waliotangulia kukosekana siku ile waliingizwa kwa kasi ambayo Beda bado anaisimulia.

Basi iandikwe, na atakayeandika aandike kwa wino mzito, kwamba mwezi wa nane, siku ya Ijumaa, kabla jua la Ufipa halijafika utosini, Suma binti Mwakalinga alilishinda bango. Na kama kuna taifa linalojenga sanamu kwa ajili ya ukucha uliovunjika kazini, na lianze kuchonga. Bibi Zita aliposhuka barazani na karatasi yake kikapuni, wenzake wa Pito walimzunguka wakamuuliza kama amepata mbolea. Akawajibu kwamba ameitikiwa, na mbolea nayo amepata.