Riwaya Yangu na Rafu za Ustadh Tannous

Jumatatu, 11 Machi

Nimedhalilishwa! Riwaya yangu imefika dukani kwa Ustadh Tannous, naye kaipachika rafu ya Mapenzi. Nakala zote kumi na mbili! Nikamweleza kwa adabu kwamba hii ni hadithi ya wanaume wawili wanaopendana, na ya watu wanaokula nao meza moja, haina rafu. Akasema mabusu kayahesabu mwenyewe, ni kumi na tisa, na nakala zisiponunuliwa hadi Jumamosi anazirudisha kwa mchapishaji. Miaka sita ya jasho langu!

Jirair, mpenzi wangu, fundi saa, kaniambia nimshukuru Mungu kitabu kama hicho kimepata duka humu Beirut. Nikamnunia. Akaniletea kahawa, nikashindwa kuendelea.

Jumanne, 12 Machi

Nimezihamishia zote kwenye Fasihi. Safari tatu, chini ya koti. Washairi marehemu wamesogea bila manung'uniko. Akili ninayo, jamani.

Jumatano, 13 Machi

Zimetoweka! Fasihi imebaki moja, yatima. Nikamvaa Tannous. Akaapa kwa kaburi la mamake kwamba hajazigusa. Mwongo! Nikaenda kumlilia Dunya, msusi, dada yangu wa hiari: baba yake alimfukuza wiki ileile niliyofukuzwa mimi, tukapanga chumba pamoja. Badala ya kunihurumia akacheka mpaka chanuo likamdondoka. Ana lake huyu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejibanza nyuma ya rafu ya kamusi nimnase Tannous. Akaingia nani? Mama Elias! Jirani wa chini, mjane, anayetulisha sote tangu tuhamie. Akaichomoa ile yatima, akaichomeka kwenye Mapishi, kando ya tatu alizokwisha kuzihamisha. Nikaruka na ukelele. Hata hakushtuka. Akasema yale maboga ya kujaza wali, sura ya tatu, ni yake, kwa hiyo hiki ni kitabu cha mapishi, na tena mwanangu umesahau mnanaa, unataka kuniaibisha?

Jioni wengine wakakiri. Dunya kapeleka nne kwenye Mashujaa, kwa sababu yeye yumo. Jirair kapeleka nne Historia. Kasema ndivyo tulivyokutana, nani atabisha? 

Jumamosi, 16 Machi

Zimekwisha! Zote, kutoka kila rafu! Tannous anasema kuna mama alikuja kutafuta mapishi, akachukua yangu. Jana karudi macho yamemvimba, akataka nyingine ampelekee mwanawe, ambaye hajasemezana naye miaka miwili.

Nimelia. Mama Elias kanipa vitunguu nikate, nipate kisingizio. Nina mama, nina dada, nina Jirair. Ee Mungu, asante. Mwandishi mzima, sina neno jingine.

Jumapili, 17 Machi

Tannous kaagiza nakala thelathini! Kaipa riwaya yangu rafu yake peke yake, karibu na mlango. Hakuweka kibao. Kasema kitabu hiki kimemshinda kukipa jina, acha kikae huru. Dunya kapiga vigelegele. Ndicho hasa nilichokililia tangu mwanzo. Nimewabusu wote, Tannous pia.

Lakini rafu isiyo na jina? Watu si watadhani ni vitabu vibovu? Nimekata kadi, nimeandika FASIHI kwa herufi kubwa. Kesho naibandika kabla Tannous hajamaliza kahawa yake.