Safari Hii Sichelewi

Jumatatu, 8 Machi

Nimepima! Wa kwanza kabisa mlangoni pa kituo cha kupimia, hata mlinzi alikuwa bado anapiga miayo. Kijiti kikaingia puani mpaka nikadhani kinatafuta njia ya kutokea kisogoni. Mpimaji akauliza nasafiri lini. Jumamosi, nikasema. Akashangaa, mbona mapema hivyo. Nikamjibu kwamba fundi cherehani akiwahi, mshukuruni Mungu tu.

Mke wangu alikwenda ng'ambo kwa miezi mitatu, kumtunza bibi kizee wa watu. Ugonjwa ukaingia, mipaka ikafungwa, miezi mitatu ikawa mwaka na ushee. Bado nalala upande wangu wa kitanda. Wake sijaugusa. Siku anaondoka alinitania kuwa mimi hata harusini nilichelewa, nilikuwa natia mikono ya suti yangu. Ni kweli. Lakini safari hii!

Jumatano, 10 Machi

Majibu yametoka. Sina ugonjwa! Cheti kina muhuri wa leo. Nimekibusu, halafu nikajuta, sijui kilishikwa na nani.

Shemeji kaja dukani. Ni kaka wa mke wangu, naye anasafiri kwa ndege hiyohiyo, anakwenda mkutanoni na atafikia kwa dada yake. Tunamwita Mjuzi. Hakuna asilolijua, na usipomuuliza anakwambia vilevile. Kasema kipimo kiwe kimechukuliwa ndani ya saa sabini na mbili kabla ya ndege kuondoka, na saa zinahesabiwa tangu kijiti kilipoingia puani, si tangu muhuri ulipogongwa. Yeye atapima kesho. Eti mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikamjibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akaondoka. Wivu huo!

Alhamisi, 11 Machi

Usingizi umenipaa. Je, kama Mjuzi anasema kweli?

Nikapata mbinu. Pale kituoni kuna muuguzi, mteja wangu. Atanipenyeza mbele, nipime tena kimyakimya, Mjuzi asijue. Nikamnong'oneza. Alivyofurahi kuniona! Akauliza gauni lake liko wapi, lile nililomwahidi kabla ya mwaka mpya. Nikasema kesho. Mdomo ulijisemea wenyewe, naapa. Akatabasamu, akanionyesha mkia wa foleni kwa kidole. Mjuzi alikuwa mbele kabisa, akanipungia mkono. Dirisha likafungwa nikiwa nimebakiza watu wawili.

Potelea mbali. Muhuri ni wa Jumatano.

Jioni nimeshona koti la mke wangu, la kijani, maana kule ni baridi. Vipimo vyake vya sasa sinavyo. Nimekata kwa kukumbuka mikono yangu ilivyokuwa ikimzunguka. Vimebaki vifungo tu. Nitavitia kesho.

Jumamosi, 13 Machi

Aibu! Dada wa kaunta uwanjani kasoma cheti, kahesabu kwa vidole, kanirudishia. Kijiti ni cha Jumatatu. Nikamwonyesha muhuri. Akasema virusi havisomi mihuri. Nyuma yangu watu wakacheka. Nikatoa mbinu ya mwisho: nikamwambia bega la koti lake la kazi limepinda, nitamnyooshea bure, sasa hivi, sindano ninayo. Akauliza sindano hiyo iko wapi. Kisha akamwita mlinzi.

Mjuzi hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Aliniuliza tu ampelekee nini dada yake. Nikampa koti. Vifungo vyote vinne nilikuwa navyo mfukoni, nilipanga nivishone ndani ya ndege. Ndege ikapaa. Nikabaki nyuma ya kioo naipungia kama vile rubani ni ndugu yangu. Nilijizuia kulia, nikashindwa.

Jumatatu, 15 Machi

Mke wangu kapiga simu ya video. Kalivaa! Mabegani limemkaa sawasawa. Kiunoni linapwaya. Amekonda, na hakuwahi kuniambia. Mkono mmoja umeshika simu, wa pili unalifumba koti kifuani. Kasema kaka yake alitaka kumnunulia vifungo, akamkataza. Fundi mwenyewe atakuja kuvitia. Halafu akasema nisikimbie, nisichelewe, nifike tu.

Nimemkumbuka huyu mwanamke, jamani. Nimekaa na cherehani mbele yangu mchana kutwa, sikushona hata kiraka.

Alhamisi, 18 Machi

Tiketi imesogezwa. Ndege ni Jumamosi, tarehe tatu Aprili. Mjuzi kanitumia ujumbe wa herufi kubwa tupu: nipime tarehe mosi, si kabla. Nimeelewa. Mimi si mtoto. Nimemjibu kwamba somo limeniingia.

Asubuhi nikapita kituoni. Kupita tu, njia ni ya wote. Vifungo vinagongana mfukoni kila nikipiga hatua, na kila vikigongana namwona amelifumba koti kwa mkono. Nikachungulia. Foleni hakuna! Hata mtu mmoja! Bahati kama hii tarehe mosi nitaipata wapi? Muuguzi akauliza gauni. Nikasema kesho. Akakisukuma kijiti kwa moyo wote, mpaka machozi.

Wa kwanza kabisa! Sasa mke wangu aone nani mchelewaji.