Bafta Ndani ya Begi la Safari

Jumamosi, 10 Januari 2026

Nimebakiwa na siku chache duniani. Daktari hajasema hivyo. Daktari ni kijana, anasema ni gesi. Lakini mimi nimefundisha jiografia maisha yangu yote, ramani ikifika ukingoni naiona. Shajara hii itasomwa nikishazikwa, kwa hiyo humu nitasema kweli tupu.

Leo binti yangu Sabra amepiga simu kutoka Mombasa alikoolewa. Amenikatia tiketi ya meli ya starehe! Mombasa hadi Shelisheli na kurudi, chumba kimoja mimi na mjomba wake Hatibu, kaka wa marehemu mke wangu. Meli ina bwawa la kuogelea. Bwawa la maji, juu ya bahari! Nikacheka hadi nikakohoa. Kikohozi nikakisingizia paka.

Halafu yakaja masharti. Begi moja kila mtu. Na nikithubutu kuanza hadithi zangu za kufa, nitabaki hapa Usagara na shangazi yake. Nimeapa kwamba nina afya ya punda.

Nilipokata simu ndipo likanijia. Nikifia huko katikati ya maji, je? Nimesikia wanakufunga kwenye turubai wanakutosa. Mimi! Pahali pangu ni makaburini Mabawa, kando ya mke wangu Semeni. Nilimwahidi akiwa anaumwa, na Semeni hakuwa mtu wa kuvunjiwa ahadi.

Mpango: nifungashe sanda yangu mwenyewe, chini kabisa ya begi. Nahodha akiiona ataelewa kwamba huyu mzee ana kwao. Sabra asijue.

Jumapili, 11 Januari

Asubuhi kwa Yakoub, muuza vitambaa. Nikaagiza bafta nyeupe ya sanda, vipande vitatu. Akauliza nani kafariki. Nikasema bado. Akauliza marehemu ana kimo gani. Nikasema kama mimi. Akanitazama juu hadi chini, akaongeza nusu yadi kwa ajili ya tumbo. Nimetoka bila kuaga.

Nyumbani, msiba mwingine. Dada yangu Mwanamkasi, anayenitunza, alikuwa ameshalijaza begi. Halua. Kashata. Papa mkavu! Blanketi, maana melini kuna baridi. Kinu kidogo cha kutwangia iliki. Anasema vyakula vya melini vimelala kwenye barafu tangu mwaka juzi. Niliitumbukiza bafta chini ya kanzu zangu alipokwenda kuswali, pamoja na kafuri, pamba na marashi.

Aliporudi akaona begi limevimba. Akamwaga kila kitu kitandani apange upya. Akaiona. Akaweka mkono kifuani.

Nikasema neno la kwanza lililonijia: ihramu. Mwezi si Rajabu? Nakwenda umra, Mwanamkasi, ila sikutaka kujionyesha.

Loo! Vigelegele alivyopiga vilimtoa jirani bafuni. Ati kumbe meli yenyewe inakwenda Jidda! Akauliza kafuri ya nini. Mende. Na pamba? Kelele za injini. Uongo umenitoka laini kama siagi. Nimejishangaa, nimejipongeza.

Jumatatu, 12 Januari

Sheikh Nasri ametangaza msikitini. Mtaa mzima umekuja kunipa mkono. Kila mtu na kidumu chake kitupu, nimletee zamzam. Begi sasa linagonga kama ngoma.

Aendaye huko huomba radhi kwa watu, nami ikabidi nizunguke. Bi Tuhfa wa nyumba ya pili alinisamehe yote, kisha akaniomba nimsamehe yeye. Ati waliokula mapapai yangu miaka yote hawakuwa popo. Nikamsamehe. Baadaye nikajuta, lakini radhi hairudishwi.

Alasiri akaja shemeji Hatibu, anatoa moshi. Begi jipya la magurudumu analivuta nyuma kama mbuzi wa kununua. Shemeji gani huyu, akasema, unaniambia bwawa la kuogelea, mwenyewe unakwenda Makka kimya kimya? Na mimi nimeshanunua kaptula! Ningemwambia kweli angemfikishia Sabra kabla ya magharibi. Nikamwambia tunapitia tu. Akauliza ihramu nimeipata wapi. Akaenda kwa Yakoub mbio, akarudi na bafta kama yangu, ila pana zaidi. Lazima anizidi. Alipochaguliwa mjumbe wa nyumba kumi alinizidi hivyo hivyo.

Jumanne, 13 Januari

Dua imesomwa nyumbani kwangu. Pilau, mbuzi wawili, watu hadi barazani. Sheikh Nasri aliniombea hadi akalia. Mimi pia nililia, kwa sababu ya kumbukumbu ya Semeni na kwa sababu ya pilipili.

Usiku usingizi haukuja. Nimewadanganya watu wa kibla moja na mimi. Mpango mpya: kesho niugue kidogo, ugonjwa wa kuahirisha umra lakini usiozuia meli. Nimejaribu kuchechemea mbele ya kioo. Naonekana kama askari wa gwaride.

Jumatano, 14 Januari

Sabra amefika. Pale mlangoni tu Bi Tuhfa kamkumbatia, kumpongeza kwa kumpeleka babake nyumba tukufu. Nikaanza kuchechemea. Sabra hakuniangalia hata mguu. Akaja moja kwa moja kwenye begi, akalifungua sebuleni mbele ya shangazi yake, mjomba wake na Sheikh Nasri aliyekuja kuaga.

Vidumu. Papa. Kinu. Halafu bafta. Akaikunjua, kipande kimoja kimoja, akaiweka kitini. Sheikh akainama kuiangalia. Akasema polepole kwamba ihramu ni vipande viwili, Mzee Idarusi. Hivi ni vitatu.

Sabra akanusa kafuri, akaniuliza nani anakufa, Baba?

Kabla sijajibu, Hatibu alikuwa ameshafungua begi lake, anahesabu. Moja, mbili, tatu. Akakaa chini sakafuni. Shemeji, umenikatia sanda! akalia. Nikamkumbusha kwamba alijikatia mwenyewe, tena pana.

Nikasema kweli yote. Turubai, maji, Mabawa, ahadi. Nilidhani meli ndiyo imeshaniacha. Sabra akakaa karibu yangu, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa Semeni mtupu. Akasema alishawauliza wenye meli, mtu akifariki hurudishwa bandarini. Na wasipomrudisha, yeye atanibeba mgongoni hadi Mabawa. Sharti: sanda zote mbili zibaki kabatini, na niwaambie watu ukweli kwa kinywa changu.

Alhamisi, 15 Januari

Baada ya adhuhuri nimesimama msikitini, nikasema. Nakwenda kuogelea, si umra. Nilitarajia viatu. Sheikh Nasri akasema Mungu husikia dua popote, hata bwawani, ila vidumu vya watu nivirudishe. Wamenisamehe! Bi Tuhfa peke yake alidai amerudisha radhi yake, na nimwambie bei ya mapapai anilipe. Moyo wangu mwepesi. Uongo nimeuacha kabisa. Naliandika hili ili wajukuu wangu wajifunze.

Ijumaa, 16 Januari

Naandika kwenye benchi la uhamiaji, mpakani Horohoro, njiani kwenda Mombasa. Sabra ametangulia dirishani na pasi zetu.

Sanda iko kabatini, kama alivyotaka. Yaani vipande viwili. Cha tatu nimejizungushia tumboni chini ya kanzu. Binadamu lazima awe na tahadhari, na mgongo wa Sabra si wa kubebea mtu. Nimevimba kidogo. Nanukia kafuri, lakini upepo upo.

Afisa mmoja amenisogelea, shikamoo mzee, mbona umenona ghafla kuliko picha? Nikamwambia ni bandeji. Nimepasuliwa mgongo juzi. Akasikitika sana. Akasema mgonjwa wa juzi haruhusiwi kupita bila kuonwa na daktari wa mpaka. Amekwenda kumwita.

Hapo Hatibu, ambaye hakuulizwa na mtu, akasimama mzimamzima, mnene kama pipa, akasema na yeye mgongo. Siku hiyo hiyo. Daktari huyo huyo.

Sabra anageuka. Daktari anakuja. Lakini sina wasiwasi, mpango ninao: nitasema sisi ni pacha.