Meza ya Mwenyeji

Gazeti la mtaa lilisema meza zote za Siku ya Tamaduni, ambapo kila taifa huandaa chakula cha kwao, zimekwisha kugawiwa, imebaki moja tu, na anayeitaka afike kwa kamati, ukumbi wa kanisa, kabla ya kengele ya adhuhuri. Habari hiyo ilitosha kuchafua Jumamosi kwenye mkahawa wa uwanja wa Möllevången, mjini Malmö, Uswidi, ambako watu wanne wasio na haraka hukaa dirishani na kusuluhisha dunia.

Wa kwanza kudai alikuwa Orhan, dereva wa basi mstaafu. Kijiweni wanamwita Sultani, kwa kuwa hajakubali mpaka leo kwamba himaya ya Waturuki ilianguka. Waturuki walikuwa na meza tayari. Yeye alitaka ya pili.

"Himaya haienei kwenye meza moja," alisema. "Keki za baklava peke yake zinaijaza."

Mirsada, Mbosnia anayeitwa Balozi, alishusha kikombe. Alilalamika kwamba wao wamebanwa meza moja na majirani wote wa Yugoslavia ya zamani, na mwaka jana waligombania kitambaa cha meza mpaka supu ikaganda. Ndipo Hooshang, Muirani, Profesa wa kijiwe, akafumba macho kama anayewahurumia watoto. Alikumbusha kuwa enzi watu wa Sultani wanalala mahemani, kwao kulikuwa na bustani zenye mifereji. Historia ya umri huo, alisema, inahitaji mahali pa kunyoosha miguu.

"Mwacha asili ni mtumwa," Sultani alihitimisha, akamega andazi la mdalasini la Kiswidi, la pili asubuhi hiyo.

Wa nne alikuwa Staffan. Ndiye Mswidi pekee mezani, na wenzake humwita Mwenyeji. Miaka nenda miaka rudi ameizunguka siku ile na sahani tupu mkononi, akila kwa huyu, akisifu kwa yule, kisha akirudi nyumbani ameshiba na ameona haya, kama mtu ahudhuriaye kila harusi bila kuchanga. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama jikoni akamwomba Mungu ujasiri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike mkewe.

"Meza hiyo naitaka mimi," alisema.

Wakamtazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema.

"Mwenyeji, ndugu yangu, una nchi nzima," Sultani alisema. "Meza ya nini tena?"

"Na utaweka nini?" Mirsada aliuliza, kwa ule upole unaouma. "Viazi?"

Staffan aliinama, akatoa sufuria chini ya kiti, akafunua. Ndani mlikuwa na nyama ya kusaga na wali, vimeviringishwa kwenye majani ya kabichi, na pembeni kichupa cha jemu ya matunda mekundu ya msituni. Chakula cha marehemu mama yake, cha kila Jumapili.

Sultani alicheka mpaka akashika meza. Hiyo ni dolma ya Kituruki, alisema. Mfalme mmoja wa Waswidi alikimbilia Uturuki zamani, akalishwa, akaondoka na mapishi. Mirsada akasema dolma gani, hiyo ni sarma ya Wabosnia, ila Waswidi wameiharibu kwa kabichi isiyochachushwa. Profesa alitamka kwa masikitiko kwamba wote wawili ni wezi, na mwenye mali ni yeye. Juu ya jambo moja tu walikubaliana: kutia jemu tamu juu ya nyama ni dhambi.

Kisha wakala. Sultani aliomba jemu. Profesa akaomba jemu. Mirsada hakuomba; alikisogeza kichupa karibu naye.

Kikabaki kipande kimoja.

Mirsada alikikata katikati, akachukua nusu. Baadaye kidogo Sultani akaikata nusu iliyobaki, akachukua upande mmoja, akatazama dirishani. Profesa naye akakata. Kilichosalia sufuriani kilikuwa chembamba kama ukucha, na hakuna aliyekigusa.

"Sultani," Staffan alisema, "kwenu Konya, chakula cha mwisho mnakifanyaje?"

"Unauliza? Mama mwenye nyumba anakushindilia mdomoni. Ukikataa, umemtukana."

"Mbona hukukimaliza?"

Sultani alikung'uta makombo ya andazi kifuani.

"Mama alinichapa mkono kwa ajili ya kipande kama hicho," Staffan aliendelea. "Cha mwisho hakichukuliwi. Nilidhani ni sisi Waswidi tu tulio wajinga hivi. Nyinyi mmefundishwa na nani?"

Mirsada alitazama saa ya ukutani, akapangusa vidole.

"Haya, baba, kachukue meza yako," alisema. "Mwaka huu sisi tutakuwa wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Staffan alisimama. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo. Akachovya vidole sufuriani, akakiokota kile kipande cha mwisho na kukitia mdomoni, mbele ya watu.

Mirsada aligeuza uso.

"Hana adabu huyu," alimnong'oneza Profesa. "Amekaa mno na wageni."

Staffan alikuwa amekwisha kutoka, anaukata uwanja kuelekea kanisani na sufuria kwapani. Nyuma yake Sultani alivaa koti mbiombio, akatoka akimkimbilia, ili Mwenyeji asije akaiandikisha ile dolma kuwa ya Kiswidi.