Kadi Iliyonikana Chini ya Ngazi

Jumatatu, 4 Machi
Nimeimaliza! Kompyuta moja kuukuu chini ya ngazi, na ndani yake kompyuta nne za kufikirika, yaani programu zinazojifanya kompyuta kamili, kila moja na kazi yake. Moja inatunza picha, moja filamu, moja bado sijaipangia, na moja ndiyo mlango wa intaneti ya nyumba nzima. Kisanduku cha kampuni ya intaneti nimekichomoa. Mke wangu kauliza kilikuwa na kosa gani. Hakikuwa na kosa, nimemjibu, ila hakikuwa changu. Shemeji yangu, mdogo wake, ni fundi wa mitandao na anakaa nyumba ya pili. Kaja, kachungulia, kasema tu, "Haya." Hiyo "haya" imenikaa rohoni.

Jumanne, 5 Machi
Mfumo uliomba kusasishwa. Nikasasisha. Ulipowaka tena, kadi ya mtandao kimya! Waya umeingia, taa inawaka, lakini mfumo unaapa hauijui kadi hiyo. Kumbe tatizo ni draiva, ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kadi. Ya zamani haipatani na mfumo mpya. Mke wangu kauliza dereva wa nini na gari hatuna.
Draiva mpya iko intanetini. Intaneti haipatikani bila draiva. Nimekaa kwenye ngazi nikilitafakari hilo mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 6 Machi
Mama kapiga simu. Ijumaa anapasuliwa macho. Kaomba kesho amwone mjukuu wake kwenye video. "Nimtazame vizuri," kasema, "huwezi jua." Nimemwambia asiwe na shaka. Sauti yangu ilikuwa imara kuliko mimi.
Mtandao wa simu hapa kwetu unasuasua, video haitembei. Mke wangu kashauri turudishe kisanduku, au tumwite mdogo wake. Nimekataa yote mawili kwa upole. Draiva nimeipakua kwa simu, kwa taabu, nikaihamisha kwa flashi. Imekubali! Nimepita chumba hadi chumba nikitangaza. Nilipofika jikoni intaneti ilikuwa imeshakatika.

Alhamisi, 7 Machi
Mama katokea kwenye kioo cha simu, kacheka, kaganda. Mdomo wazi, macho yakinitazama. Draiva inastahimili maandishi, ikibebeshwa video inazimia. Nikaingia chini ya ngazi. Zima, washa. Ondoa, weka. Hatimaye ikatulia! Nikatoka mbio kuwaita.
Sebule tupu.
Nimewakuta mke wangu na binti yetu kwa shemeji, wakitumia intaneti yake. Mama, kwenye video, alikuwa akiuliza niko wapi, na binti yangu akamjibu kwamba baba anaishi chini ya ngazi. Shemeji kanisogezea kiti bila neno. Hata "haya" hakusema. Ingekuwa nafuu angesema.
Mama kasogeza uso karibu. "Mwanangu, una utando wa buibui kichwani."
Kisha akanitazama muda mrefu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Nikaacha anitazame. Sikuufuta ule utando.

Jumamosi, 9 Machi
Mama kapasuliwa salama. Shemeji kaja, tukaurudisha mfumo wa zamani pamoja na draiva yake, tukaufunga usijisasishe. Kadi inafanya kazi. Shemeji kadai kosa langu si kutojua, ni kutotulia. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sigusi kitu tena. Nilimaanisha.

Jumanne, 12 Machi
Bandeji zimetolewa. Mama anaona! Kapiga simu akilia na kucheka, eti hakujua kuta zake zina rangi ya kijani.
Nimewaza sana leo. Nimeelewa sasa kwamba kuonana ndiyo kila kitu, na mitambo si kitu. Kwa hiyo haifai mama ategemee intaneti ya kubahatisha. Nimempatia kompyuta kuukuu, kubwa kuliko yangu, yenye kadi mbili. Kesho naipeleka. Mke wangu nimemuaga kwamba naenda kumuuguza mama. Si uongo. Nitamuuguza wakati mfumo unajisasisha.